Nani Anasema Basi?

Tarehe 9 Desemba 2025, mjini Bradford, Uingereza, msanii Nnena Kalu alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya kisasa ya Uingereza. Alikuwepo. Lakini aliyezungumza ni Charlotte Hollinshead, mwezeshaji kutoka ActionSpace, shirika la London linalowasaidia wasanii wenye ulemavu wa kujifunza, ambalo Kalu amefanya nalo kazi tangu 1999.

Kalu hutumia maneno machache sana. Mtu mwingine alisema kwa niaba yake.

Tuzo hiyo ilianza mwaka 1984, na kabla ya usiku ule haikuwahi kutua mikononi mwa msanii mwenye ulemavu wa kujifunza. Mwaka 2021 Project Art Works ya Hastings, kikundi kinachofanya kazi na wasanii wenye ulemavu huo, iliingia katika orodha ya wanaowania, ikaishia hapo. Furaha ya Bradford ilikuwa halali kabisa.

Lakini suala la kipaza sauti limenikaa kichwani kwa majuma kadhaa. Sioni kosa katika kilichotokea. Linalonisumbua ni neno tunalolitumia kila siku. Tunasema mradi huu "unaongozwa" na watu wenye ulemavu wa kujifunza, au wenye usonji, au wale ambao ubongo wao unafanya kazi kwa namna yake. Ikiwa mmoja anasema kwa niaba yao, mwingine anakata mkanda wa gundi, mwingine anajaza fomu za ufadhili na mwingine anazungumza na jumba la sanaa, huo uongozi umekaa wapi hasa?

Nimeligeuza swali hilo huku na huku. Nadhani umekaa mahali padogo kuliko tunavyodhani.

Umekaa kwenye neno "basi".

Mkono wa kuazima

Nianze na mikono, maana mashaka ya wengi huanzia hapo.

Sanamu za Kalu ni maumbo makubwa yaliyofungwa, yakazungushwa, yakafungwa tena: vitambaa, kamba, plastiki, mkanda wa gundi, hata utepe wa kanda za video za zamani. Katika maonyesho ya Manifesta 15, mjini Barcelona mwaka 2024, alining'iniza kumi. Kazi ya ukubwa huo haitundikwi na mtu mmoja. Lazima awepo wa kushika ngazi, wa kupima uzito ambao dari inaweza kubeba, wa kukata na kusogeza.

Hilo halimpunguzii msanii chochote. Henri Matisse, mchoraji wa Ufaransa, baada ya upasuaji wa mwaka 1941 uliomwacha dhaifu, alikata maumbo ya karatasi kwa mkasi. Wasaidizi wake ndio waliozipaka karatasi rangi kwanza, na ndio waliozibandika ukutani kwa pini kadiri alivyowaelekeza. Hakuna anayeuliza kazi zile ni za nani. Mkono wa kuazima ni jambo la kawaida katika sanaa, na mwenye ulemavu wa kujifunza ana haki ya kuuazima kama mwingine yeyote.

Tatizo linaanza mkono unapoazimwa halafu ukafanya lake.

Na haufanyi kwa ubaya. Chukua mfano ambao kila mwezeshaji ataujua. Mtu anapaka rangi nyekundu, kisha bluu juu yake ikiwa bado mbichi, kisha njano. Kwa dakika chache karatasi inang'aa. Mwezeshaji anajua kinachofuata: rangi tatu mbichi zikikorogana, zote hugeuka kahawia ya tope. Basi anainyanyua karatasi kwa upole, anasema, "Imependeza, tuiache ikauke," anaweka nyingine nyeupe.

Ameiokoa picha.

Pia amemaliza kazi ya mtu mwingine. Labda msanii alikuwa anaitafuta hiyohiyo kahawia. Labda alichokipenda ni mwendo wa brashi, na rangi ilikuwa haimhusu. Hatutajua, kwa sababu karatasi imeshakwenda. Likifanyika hilo mara nne kwa siku, kwa majuma kumi, maonyesho yatajaa picha angavu zilizosimamishwa na mwezeshaji, kila moja ikiwa na jina la mtu mwingine chini yake.

Dawa ninayoiamini ni daftari. Baada ya kila kipindi wasaidizi wakae dakika kumi na waandike safu tatu: nilifanya nini kwa mikono yangu, nani aliamua nifanye, nilijuaje. "Nilikata mkanda vipande vya urefu wa mkono, aliamua yeye, alinipa rola na kunionyesha." Hilo ni safi. "Niligeuza karatasi, niliamua mimi, ilionekana imejaa." Hilo nalo liandikwe vilevile, bila aibu. Baada ya vipindi vitano hivi, safu ya pili inaanza kusema ukweli ambao hakuna mtu angeusema kikaoni.

Aliyenyamaza akaongoza

Kilichonigeuza mawazo kuhusu kipaza sauti ni kukumbuka mchezo mmoja wa Uswisi.

Theater HORA ya Zurich ilianzishwa mwaka 1993, na waigizaji wake ni watu wenye ulemavu wa kujifunza. Mwaka 2012 walifanya Disabled Theater pamoja na mwandaaji wa dansi kutoka Ufaransa, Jérôme Bel. Jukwaani Bel mwenyewe hayupo. Pembeni ameketi mkalimani anayewaambia watazamaji: Jérôme aliwaomba waigizaji wafanye hiki, kisha Jérôme aliwaomba wafanye kile. Wasimame mbele ya watu kwa dakika moja bila kusema. Wataje jina, umri na kazi yao. Wataje ulemavu wao. Kisha kila mmoja atengeneze dansi yake, na Jérôme akachagua saba.

Mtazame Bel hapo. Hayupo jukwaani, hasemi neno, kuna mtu anasema kwa niaba yake. Na hakuna mtazamaji hata mmoja aliyetoka ukumbini akiwa na shaka nani aliongoza.

Kwa hiyo kusema si kuongoza. Mwenye kipaza sauti anaweza kuwa tarishi tu, na aliyenyamaza akawa ndiye mwenye kazi. Bel alionekana kiongozi kwa sababu aliuliza, akachagua, akaamua lini mambo yaanze na lini yaishe. Waliochagua miondoko ni waigizaji, lakini aliyechagua saba ni yeye. Wale ambao dansi zao ziliachwa nao hupewa nafasi mwishoni, na mchezo unaliweka jambo hilo wazi mbele ya watazamaji. Ni ukweli wa kusifiwa. Lakini hata nafasi hiyo ni ya kupewa.

HORA hawakuishia hapo. Kuanzia mwaka 2013 walianzisha Freie Republik HORA, mradi ambao ndani yake waigizaji wenyewe walishika uongozaji. Hatua hiyo naiona kubwa kuliko tuzo yoyote, kwa sababu inauliza swali gumu la kazi: mtu ambaye husahau leo alichoamua jana anaongozaje mchezo?

Jibu langu ni kumpa msaidizi wa kumbukumbu. Anarekodi kila zoezi kwa video. Kesho yake, kabla ya lolote, anaonyesha kipande cha dakika mbili au tatu: "Hili uliliamua jana. Tuendelee nalo?" Haongezi neno. Hasemi "lilikuwa zuri". Hachagui kipande anachokipenda yeye. Anaonyesha cha mwisho kilichoamuliwa, hata kama kilimchosha. Akianza kuchuja, kumbukumbu imekuwa uongozi wa siri.

Back to Back Theatre ya Geelong, Australia, kikundi cha waigizaji wenye ulemavu kilichoanzishwa 1987, nacho hujenga tamthilia kutokana na maigizo ya papo kwa papo ya waigizaji hao, na kazi moja huweza kuchukua miaka. Mwaka 2022 walipewa Tuzo ya Kimataifa ya Ibsen, ya tamthilia, na mwaka 2024 tuzo ya Simba wa Dhahabu ya tamasha la Venice kwa kazi ya maisha yao yote. Nawataja kwa ajili ya ile miaka. Nitairudia.

Ndiyo ya adabu

Sasa shaka yangu kubwa. Tuseme tumekubali kwamba kuongoza ni kuamua. Tunajuaje kwamba mtu ameamua?

Watu wengi wenye ulemavu wa kujifunza wamekulia mahali ambapo kusema "ndiyo" kulileta amani na kusema "hapana" kulileta matatizo. Ukimwuliza, "Unapenda hii?" atasema ndiyo. Mwulize, "Hupendi hii?" atasema ndiyo tena. Ukimpa chaguo mbili kwa mdomo, mara nyingi atarudia la mwisho kulisikia: "Bluu au nyekundu?" "Nyekundu." Geuza: "Nyekundu au bluu?" "Bluu." Mwezeshaji ameandika mara mbili kwamba msanii amechagua, na mara zote mbili alichosikia ni mwangwi wa sauti yake mwenyewe.

Kwa hiyo usiulize kwa mdomo peke yake. Leta vitu. Viwili, si kumi. Meza iliyojaa vitu kumi si uhuru, ni zogo. Viweke umbali sawa kutoka kwa msanii, kimoja kila upande. Subiri. Akishika kimoja, kumbuka upande. Baadaye kidogo viweke tena, umebadilisha pande. Akifuata kitu, amechagua kitu. Akifuata upande, alichagua mkono wake wa kulia, na wewe hujapata jibu bado. Rudia siku nyingine. Na liwepo chaguo la tatu la kudumu, sahani tupu au kadi yenye alama ya kukataa, maana chaguo lisilo na "hakuna ninachotaka" ni agizo lililovaa nguo nzuri.

Kusubiri ni fundi wa kazi hii. Hesabu kumi kimoyomoyo baada ya kuuliza, polepole, bila kurudia swali. Kwa wengine hesabu ishirini. Msaidizi anayerudia swali sekunde ya nne anadhani anasaidia. Ukweli ni kwamba amelifuta swali la kwanza na kumlazimisha mtu aanze upya kulichakata. Ukiona msanii "hajibu" katika kipindi kizima, pima kwanza umewahi kunyamaza kwa muda gani.

Kwa maamuzi makubwa kuna mbinu ya mkeka wa picha, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Stirling, Uskoti, kwa jina Talking Mats. Juu ya mkeka kuna alama tatu: napenda, sina hakika, sipendi. Msanii anapewa kadi moja moja (kuonyesha kazi kwa wageni, kupigwa picha, kusafiri, kufanya kazi na fulani) na kuiweka chini ya alama. Ukimaliza unaupiga mkeka picha, unampa msanii nakala yake, unarudi nao wiki nyingine. Mara nyingi kadi zinahama.

Zikihama, watu hulalamika kwamba mtu ni kigeugeu. Sikubali. Anayeongoza ana haki ya kubadili mawazo, na mradi usiovumilia kubadilishwa ulikuwa tayari na kiongozi mwingine.

Meza mbili

Narudi kwenye "basi".

Maamuzi yote katika mradi yanaweza kufanywa kwa uaminifu, na bado mradi ukaporwa dakika ya mwisho: pale kazi inapoondolewa mezani. Ndiyo maana napendekeza meza mbili, tofauti kabisa, ikiwezekana pande mbili za chumba. Meza ya Bado na Meza ya Basi. Kila kazi hulala kwenye Meza ya Bado. Msaidizi haruhusiwi kuivusha. Anayeivusha ni mwenye kazi, kwa mikono yake, au kwa kuibeba na mwingine, au kwa kuonyesha kwa jicho huku mwingine akiibeba mbele yake polepole, ili aweze kukataa njiani.

Kazi iliyovushwa inarudishwa mbele ya msanii mara moja zaidi, siku tofauti, kabla ya kuhesabiwa imekwisha. Akiipita, sawa. Akiishika na kuanza kuongeza, irudi ng'ambo.

Kwa asiyetumia maneno, kikundi kiandae kamusi ndogo ya mwili wake. Ukurasa mmoja: ishara, tunadhani inamaanisha nini, lini tulikosea. Kusukuma kitu mbali. Kugeuza uso. Kuvuma kwa sauti fulani. Kusimama na kwenda dirishani. Waulizwe wanaoishi naye pia, lakini wasiachiwe neno la mwisho, maana familia huweza kusoma "amechoka" mahali ambapo mtu anasema "nimemaliza". Safu ya "lini tulikosea" ndiyo inayofaa zaidi, na ndiyo ambayo watu huiacha tupu.

Mambo mawili huharibika hapa.

La kwanza: vifaa kuisha. Mtu anayefanya kazi kwa kufunga na kuzungusha anaweza kumaliza rola nzima ya mkanda katika kipindi kimoja na kutaka nyingine. Rola ikiisha, kazi inasimama, na kwa macho ya mgeni inaonekana imekamilika. Hapo aliyesema basi ni mnunuzi. Nunua mara mbili ya unachokadiria na uweke akiba mahali msanii anapoiona. Kama bajeti haitoshi, chagua vifaa vya bei nafuu vinavyopatikana kwa wingi kuliko vizuri vinavyokatika katikati ya wazo.

La pili: basi ya haraka. Msanii anachora mstari mmoja, anasukuma karatasi, nusu dakika imepita. Ikubali. Lakini kabla ya kuiandika, kagua kiti, kagua choo, kagua taa. Taa ya mrija inayometa na kuvuma, ambayo wewe huisikii tena, inaweza kumfukuza mtu mwenye usonji chumbani. Sauti ya mkanda wa gundi unaponyofolewa humchoma mwingine masikioni. Kata vipande mapema, chumba kingine, uvibandike ukingoni mwa meza. Kiwepo chumba cha kimya, na ieleweke kwamba aliyetoka hajaacha mradi. Kama yupo mwenye tabia ya kula vitu visivyoliwa, rangi zote ziwe zisizo na sumu na shanga zisikaribie meza. Mambo ya chumba yakishanyooka, ndipo unajua kama mstari ule mmoja ulikuwa basi ya msanii au ya taa.

Na bado tunakisia. Sitaki kulificha hilo. Ukimtafsiri mtu asiyesema, hakuna siku utakayopata muhuri kwamba umemwelewa. Meza mbili haziondoi kukisia. Zinafanya kosa letu liweze kurudishwa, na hilo ndilo ninaloona linawezekana kufanyika kwa uaminifu.

Mkutanoni

Katika miradi mingi, maamuzi makubwa hayafanyiki karibu na rangi. Yanafanyika kwenye mkutano wa kamati, saa tatu asubuhi, na makaratasi ya kurasa arobaini.

Kumweka mtu mmoja mwenye ulemavu wa kujifunza kati ya wajumbe kumi, akapokea makaratasi hayo jana yake jioni, ni danganya toto. Ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Atainua mkono wengine wakiinua, na kumbukumbu zitaandikwa kwamba alishiriki.

Wakitakiwa kuongoza, wawe wengi kuliko wengine wote mezani, maana wingi ndio unaobadili mwendo wa mazungumzo. Ajenda ziwe tatu tu. Dakika 45, kisha mapumziko. Waraka uandikwe kwa lugha nyepesi: wazo moja kwa sentensi, herufi zisizopungua ukubwa wa 14, picha kando ya kila sentensi inayosaidia kulielewa neno gumu. Ufike wiki moja kabla, na kila mjumbe akae na mtu wa kumsaidia kuusoma, ambaye si mfanyakazi wa mradi. Huyo wa mwisho ni muhimu. Msomaji anayelipwa na mradi husoma kwa sauti inayoelekeza.

Mezani kila mtu awe na kadi tatu. Kijani, ninaelewa. Njano, polepole. Nyekundu, simama, sielewi. Nyekundu ikiinuliwa, anayezungumza ananyamaza na kusema upya, hata kama ni mwakilishi wa mfadhili. Mkutano wa kwanza kadi haziinuliwi. Watu wamezoea kuvumilia. Mwenyekiti aanze kuinua yake mwenyewe, kwa kweli, pale ambapo haelewi, na atashangaa ni mara ngapi.

Bajeti nayo inaongozeka. Chukua vifuniko 20 vya chupa. Kila kimoja ni asilimia tano ya fedha yote. Tandaza picha: vifaa, usafiri, malipo ya wasanii, malipo ya wasaidizi, ukumbi. Yale ambayo tayari yamefungwa na mkataba yawekewe vifuniko vyake kwanza na kubandikwa kwa gundi, ili usiulize swali ambalo jibu lake limeshatolewa. Vilivyobaki vihamishwe na kikundi. Kikundi kikiona kwa macho kwamba wasaidizi wana vifuniko saba na wasanii kimoja, kutakuwa na mazungumzo ambayo lahajedwali haijawahi kuyaleta.

Walipwe, kwa kiwango cha siku sawa na cha mwezeshaji. Katika nchi zenye posho za ulemavu, malipo yanaweza kumvusha mtu kiwango na kumkatia posho, kwa hiyo hesabu zifanywe mapema, na yeye mwenyewe akiwepo. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 13, 2006, inatambua haki yao sawa ya kusimamia fedha zao. Na ibara ya 30 inataka wapate nafasi ya kukuza vipaji vyao vya sanaa kwa manufaa yao, na pia kwa kuitajirisha jamii. Sehemu hiyo ya pili husahaulika. Tunazoea kuandika kwenye fomu kwamba mradi "utawajengea kujiamini". Msanii anaweza kuwa hahitaji kujengewa chochote. Anahitaji ukuta, mwanga na watu wa kuitazama kazi.

Miaka karibu miwili

Judith Scott alizaliwa mwaka 1943 akiwa na hali ya Down. Alikuwa kiziwi, na hilo halikutambuliwa kwa muda mrefu. Alitengwa na familia akiwa na miaka saba na kukaa katika taasisi zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1987 alianza kwenda Creative Growth, karakana ya sanaa ya Oakland, California, iliyoanzishwa mwaka 1974.

Kwa karibu miaka miwili hakukuwa na kitu kilichomshika. Alichorachora, bila mvuto. Kisha akakutana na nyuzi. Akaanza kuzungushia vitu nyuzi mpaka vikapotea ndani yake, na akaendelea hivyo hadi alipofariki mwaka 2005. Leo sanamu zake zimo katika majumba makubwa ya sanaa.

Ile miaka karibu miwili ndiyo inayonishtua. Mradi wa majuma kumi ungemwandika kama mshiriki aliyefanya kazi kidogo. Ripoti ingefungwa. Mfadhili angepewa picha ya mtu aliyetabasamu zaidi.

Tarehe ya mwisho ya ripoti ni basi inayosemwa kabla msanii hajafika, na anayeisema hajui hata jina lake. Sina njia ya kuiondoa. Fedha za umma zina kalenda. Lakini kuna mambo mawili yanayowezekana. Andika kwenye ombi la ufadhili kwamba matokeo yataamuliwa na kikundi baada ya kipindi cha nane, na utaje idadi ya vipindi badala ya idadi ya kazi. Na usikodi ukumbi kwa hesabu ya picha. Kodi mdogo unaoweza kujazwa na kazi tatu. Zikivuka nane kwenda Meza ya Basi, zitabanana, na hakuna ubaya. Zikivuka mbili, ukuta mmoja utakaa mtupu, na mtupu huo utakuwa wa kweli.

Dakika 1 na sekunde 27

Mei 2015, mjini Vienna, bendi ya panki ya Finland ilipanda jukwaa la Eurovision, shindano la nyimbo la Ulaya. Pertti Kurikan Nimipäivät, wanaume wanne, wenye hali ya Down na usonji, waliokutana kwenye karakana ya watu wazima wenye ulemavu wa kujifunza na kuunda bendi mwaka 2009. Wimbo wao, Aina mun pitää, unataja mambo ambayo mtu anayeishi chini ya uangalizi wa wengine analazimishwa kila siku: kusafisha, kuosha vyombo, kwenda kwa daktari. Na asiyoruhusiwa.

Kanuni za shindano zinamruhusu kila mshiriki hadi dakika tatu. Karibu wote huzitumia zote: ubeti wa pili, daraja, kiitikio kinachopanda sauti.

Wao walisema walichotaka kusema kwa dakika 1 na sekunde 27, wimbo mfupi kuliko wote katika historia ya shindano. Hawakuingia fainali. Ukiutazama leo, ghafla gitaa linanyamaza huku ukumbi ukiwa bado unajiandaa kusikia zaidi.